Njia Aliyotuelekeza Rubani

4 Februari

Mdogo wangu Rubani,

Salamu nyingi. Huku tupo, tunasukuma siku, na kwa kawaida hofu yetu huwa ni kwako wewe uliye mbali. Safari hii hofu imehamia nyumbani na imepewa kitanda kabisa.

Mama haendi vizuri. Mwezi uliopita nilikuandikia kwamba anachoka akipanda zile ngazi za mlangoni. Sasa anachoka akiwa amekaa. Jumanne nilifunga cherehani mapema nikampeleka hospitali kubwa. Daktari, yule mwembamba anayeongea huku anaangalia dirishani, alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akamwomba akapumzike nje kidogo, halafu akanieleza mimi. Kuna mlango mdogo ndani ya moyo umelegea, haufungi sawasawa. Hapa hakuna wa kuushona. Nilitaka kumwambia anipe mimi, nimeshawahi kushona vilivyochakaa kuliko huo, lakini machozi yalikuwa karibu.

Bingwa wa kazi hiyo yuko mmoja tu, na yuko hospitali ya mji wako. Nilicheka mbele ya daktari kwa furaha. Nikamwambia huko ninaye mdogo wangu, tena anafanya kazi uwanja wa ndege.

Akasema basi kila kitu kinategemea safari. Kwa basi Mama hawezi, barabara inazunguka milima siku mbili. Kwa ndege, kama ni safari fupi, ya kukaa mara moja na kushuka, atampa dawa na barua na aende hata wiki hii. Kama ni ya kutwa nzima, ya kupanda na kushuka na kulala njiani, hatasaini, kwa sababu Mama hatafika. Anasubiri nimpelekee jibu.

Nilikuwa niulize pale ofisi ya ndege karibu na posta, naipita kila siku. Baba amenikatalia. Amesema una mtu ndani ya uwanja, halafu ukaulize kwa watu wa mlangoni? Huko ni kumdharau mdogo wako. Unamjua Baba. Tangu upate kazi hiyo mtaa mzima unajua kwamba mwanawe anarusha ndege, na mimi nimechoka kueleza kwamba unapanga sahani za chakula.

Kwa hiyo nieleze vizuri: ni muda gani, na ni kubadilisha ndege mara ngapi. Andika upesi. Mama ameshatoa gauni lake la kijani kabatini, ameniambia nilitundike mlangoni alione akiwa amelala.

Dada yako,
Sindano


15 Februari

Shikamoo Dada,

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, glovu mkononi, sahani mia mbili zinanisubiri. Mpishi mkuu akaniuliza kama nimepata urithi au nimefiwa, maana nimeganda. Nikamwambia ni mama yangu. Akaniruhusu nikakae nje kidogo.

Dada, nikwambie ukweli, njia ni ndefu. Nitakueleza kama nilivyopita mimi mwenyewe. Unapanda asubuhi huko nyumbani, wanakupeleka kwenye ule uwanja mkubwa wa katikati, ambao hauko katikati ya chochote. Ni kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni kwa kupitia kwa jirani. Unashuka na mizigo yako. Unapanga foleni. Halafu unasubiri mpaka kesho yake, kwa sababu ndege ya huku inaondoka alfajiri. Mabenchi ya pale ni ya chuma, na wameyawekea vyuma vya kuegemea mikono kila kiti ili mtu asijinyooshe. Ukijumlisha yote ni siku moja na usiku wake. Mimi nilikuwa kijana, sina hata mafua, na nilishuka huku miguu imevimba, viatu nimevishika mkononi.

Mimi kama ningekuwa daktari nisingesaini. Na hao wa ofisi ya karibu na posta msihangaike nao, kazi yao ni kuuza tiketi, watawapamba maneno. Kama kungekuwa na njia nyingine mimi ningekuwa wa kwanza kuijua, maana chakula cha kila ndege inayoondoka hapa kinapita mikononi mwangu.

Inaniuma kuandika hivi. Mwambie Mama apumzike, ale dawa za hapo hapo. Namtumia vifuko viwili vya karanga kutoka jikoni kwetu. Hizi huwa tunawapa abiria wa zile ndege za hapa na hapo, wasiokaa angani kiasi cha kula. Wa safari ndefu ndio wanaopata sahani ya moto.

Mdogo wako,
Rubani wa Sahani


3 Machi

Rubani mdogo wangu,

Barua tumeipata. Niliisoma mezani, Baba akaniambia nirudie pale kwenye mabenchi. Nikarudia. Mama alikuwa anasikiliza kutoka chumbani, mlango uko wazi.

Akasema, "Nipelekeni hivyo hivyo. Nikifia kwenye benchi nitakuwa nimeshafika nusu."

Baba akasema hapana. Mama akasema tena, na Baba akapandisha sauti, jambo ambalo sijalisikia tangu tuko wadogo. Akamwambia hawezi kumtoa mke wake ndani akamlaze kwenye chuma, kati ya watu asiowajua, ili afe viatu viko mkononi. Halafu akaenda mwenyewe pale mlangoni, akalitoa lile gauni kwenye msumari, akalirudisha kabatini. Mama akageukia ukutani. Siku ile hawakuongea tena.

Daktari nilimpelekea jibu. Akatikisa kichwa tu, akaandika dawa nyingine.

Usijisikie vibaya. Umetueleza kama mtu mzima, na afadhali tumejua mapema kuliko kujua tukiwa njiani. Karanga Mama hatafuni, zinamshinda, lakini kifuko amekishika tangu juzi. Anauliza kama wewe unaweza kupata ruhusa uje. Najua ni mbali. Nakuuliza kwa ajili yake.

Dada yako,
Sindano


25 Aprili

Shikamoo Dada. Shikamoo Baba.

Sijui niandike nini. Simu yenu ilipokelewa na mpishi mkuu, akaja kuniita mwenyewe, akavua kofia yake kwanza. Nilipoona amevua kofia nilijua.

Niliingia kwenye chumba cha baridi nikakaa juu ya makreti ya maziwa, nikalia mpaka wenzangu wakaja kunitoa kwa kuogopa nitaganda. Nilitaka kuja. Lakini nilipiga hesabu: hata ningeondoka saa ile ile ningefika mmeshamzika na watu wameshatawanyika. Mlifanya vizuri kutonisubiri. Mama hakupenda kusubirisha watu.

Mniombee. Nimebaki na umbali tu.

Mtoto wenu,
Rubani


14 Mei

Mdogo wangu,

Pole, na pole tena. Niliposoma habari ya chumba cha baridi nilitamani niwe na mabawa.

Tulimzika vizuri. Watu walijaa mpaka barabarani. Sanda nilimshonea mwenyewe, kwa mkono, sikutaka kutumia mashine. Kila aliyeniuliza mtoto wa kiume wa nyumba yuko wapi nilimjibu, na hakuna aliyekulaumu. Wote wanajua ulipo na inavyochukua kufika. Mzee mmoja hata alisema masikini kijana, umbali huo si mchezo.

Kwa hiyo acha kujilaumu. Huo umbali hukuutengeneza wewe.

Anayenitia wasiwasi ni Baba. Kila jioni tukishakula anaweka kikombe chini ananiuliza, "Nilifanya sawa kumkatalia?" Namwambia ulifanya sawa, Baba, njia ni ndefu. Anasema, "Siku moja na usiku wake." Namwambia ndiyo. Anashika kikombe anaendelea kunywa. Kesho yake tunaanza upya. Sasa macho yake nayo yamekuwa mabaya, haoni herufi, kwa hiyo barua zako zote namsomea mimi. Mwandikie, anapata nguvu.

Dada yako,
Sindano


20 Agosti

Rubani,

Kaa chini kabla hujasoma. Nakuja.

Mwenye Duka ninakoshona amepata kazi ya sare za shule tano, na nembo zote zinatakiwa kwa ile mashine mpya ya kutarizi. Fundi anayeifundisha yuko mji wako. Nilidhani atamtuma mpwa wake, akanitazama juu ya miwani akasema nitume mtu anayejua kushona au nitume mtu anayejua kuvaa? Naondoka tarehe tisa mwezi ujao, nakaa wiki moja. Tiketi amenunua karani wake, mimi nitapewa siku hiyo hiyo, maana wanasema wanawake wa duka lile hupoteza vitu.

Nimejiandaa usiniambie kitu. Nimejishonea mto wa shingo kwa vipande vya sare. Ninazo soksi nzito za kuzuia miguu isivimbe, shuka la kujifunika kwenye benchi, mkate, na mayai ya kuchemsha. Baba ananifundisha jinsi ya kulala nimekaa, ameweka viti viwili vya chuma uani ananifanyisha mazoezi. Juzi nilicheka mpaka nikakumbuka kwa nini tunajua habari za hivyo viti, tukavirudisha ndani wote wawili.

Ukinipokea nitalia, nakuonya mapema. Miaka minane.

Dada yako,
Sindano


29 Agosti

Shikamoo Dada,

Nimefurahi sana, lakini mwezi wa tisa ni mbaya. Kuna uwezekano mkubwa nikapelekwa mafunzo nje ya mji wiki hiyo hiyo. Je, Mwenye Duka hawezi kusogeza mpaka mwakani? Hata hivyo safari yenyewe unaijua, inachosha, na wewe mgongo wako wa cherehani si wa kuchezea. Mpwa wake akija atakuwa amekukosea nini?

Kama haiwezekani kabisa, ukifika nenda moja kwa moja kwenye nyumba ya wageni, usihangaike kunitafuta uwanjani. Nitakufuata nikirudi.

Naandika haraka, kuna ndege inasubiri sahani zake.

Mdogo wako,
Rubani


9 Septemba
Nyumba ya wageni, mjini kwako

Rubani,

Tazama tarehe hiyo juu. Sikukosea. Nimeondoka nyumbani leo asubuhi na sasa hivi jua bado liko dirishani.

Baba alinisindikiza mpaka getini, akanishika mkono, akanisisitiza nisilale fofofo kwenye benchi nikaibiwa. Nikapanda. Nikapata kiti cha dirishani, pembeni yangu mzee mmoja wa koti, muuza vipuri. Nikavua viatu, nikavaa zile soksi, nikajiwekea mto shingoni na shuka magotini. Mzee akanitazama akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, najiandaa na safari. Akarudi kwenye gazeti lake.

Haukupita muda akaja mhudumu na kikapu. Nikafungua kimeza nikasubiri sahani ya moto. Akaniwekea juisi na kifuko cha karanga. Nilikijua kabla hakijatua mezani, kifuko cha bluu chenye alama ya jiko lenu, kile kile Mama alichofariki akiwa nacho chini ya mto. Nikamwambia msichana wa watu labda amenichanganya, mimi ni wa safari ndefu. Akatabasamu, akaniambia nifunge mkanda, tunatua.

Nikadhani tunatua kwenye ule uwanja wa katikati. Nikashuka na mto wangu shingoni, nikatafuta mabenchi ya chuma. Hayapo, kuna makochi. Nikamuuliza askari, ndege ya alfajiri inaondokea upande gani? Akaniuliza nakwenda wapi. Nikamtajia mji wako. Akaangalia soksi zangu, akaniambia kwa upole, "Mama, ndiyo umefika."

Nilimkimbilia mzee wa vipuri nikamshika koti. Nikamuuliza ndege hii imeanza lini. Akasema ina miaka minne sasa, yeye huipanda kila mwezi, mara tatu kwa wiki ipo. Nikamuuliza inachukua muda gani. Akasema saa moja na dakika kumi, upepo ukiwa mzuri hata saa moja kamili. Akaniuliza kama kuna mtu amechelewa. Nikaliachia koti lake.

Nikaenda jikoni kwenu, lile jengo la nyuma ya uwanja. Alinifungulia mama mmoja wa kofia ya nailoni. Hakuna aliyesikia habari ya mafunzo. Akasema umebadilisha zamu leo asubuhi ghafla. Nilipomwambia mimi ni dada yako alinikumbatia, akanipa pole ya Mama, akasema mwezi wa nne walikuchangia nauli wenyewe na mpishi mkuu alikupa siku saba. Akaniuliza kama mazishi yalikwenda vizuri, maana wewe uliporudi hukutaka kuyaongelea.

Uliporudi kutoka wapi?

Nimekaa juu ya kitanda hapa, nimeshindwa hata kuvua soksi. Wewe ndiye uliyekuwa unaipakia ile ndege. Kwa mikono yako. Kila ulipoweka kile kikapu cha karanga ndani yake ulikuwa unajua kwamba Mama anaweza kuwa kwenye kiti cha dirishani na gauni lake la kijani, akafika hata chai niliyomwachia Baba mezani haijapoa sana. Ulijua ukaandika habari za mabenchi.

Niko hapa mpaka tarehe kumi na sita. Mlango utakuwa wazi. Njoo unieleze uso kwa uso.

Sindano


13 Septemba

Dada,

Naiacha barua hii kwa kijana wa mapokezi. Nimesimama kwenye ngazi mara mbili nikashindwa kupanda.

Sikuandika uongo. Ile ndiyo njia niliyopita mimi, na mabenchi yapo, nenda ukayaone. Nililolifanya ni kutotaja hii nyingine.

Siku ile nilianza kwa kuandika "Ndege ipo, mleteni." Niliandika hivyo, Dada, mstari mmoja. Halafu nikamwona Mama anashuka zile ngazi za ndege na anayemsubiri chini ni mimi peke yangu. Nyinyi mko mbali. Mimi ndiye wa kumwogesha, mimi ndiye wa kusaini hospitali, na wakimpasua akafa, mimi ndiye wa kuwapigia simu. Unanijua, hata kuku siwezi kumshika akichinjwa. Nikasema pengine dawa za hapo zitamsaidia. Nikachukua karatasi nyingine.

Ukishaandika siku moja na usiku wake, huwezi tena kufika kwa saa moja. Zile siku saba nilikaa chumbani. Mara mbili nilikwenda mpaka uwanjani na begi. Ningefika mapema mno, mngeniuliza nimepita wapi.

Nipige, nitukane, lakini usininyamazie. Nataka nimwandikie Baba nimweleze yote. Siwezi kuendelea kukaa na jambo hili.

Rubani


1 Oktoba

Rubani,

Nilikungoja mpaka tarehe kumi na sita. Kila kiatu kilichopanda ngazi niliinuka.

Unasema huwezi kuendelea kukaa na jambo hili. Sikiliza mimi ninavyokaa nalo. Nilirudi nyumbani kwa ile ile ndege. Nimeshuka, natoka nje, nakumbuka kwamba Baba ananitegemea kesho yake. Amehesabu benchi langu, amehesabu alfajiri yangu. Sikuwa na pa kwenda. Nikalala kwa fundi mwenzangu wa dukani, nikamdanganya kwamba nimepoteza ufunguo na sitaki kumwamsha Baba, ili nifike nyumbani siku ambayo njia yako inasema nifike. Mtu mzima, mwenye kwao, nimejificha mitaa miwili kutoka kwa baba yangu.

Nilipoingia akaniuliza safari. Nikamweleza mabenchi. Nilitumia maneno yako hasa, foleni na vyuma vya mikono na miguu kuvimba, maana yangu sikuwa nayo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi, akasema, "Asingeweza." Nikamwambia asingeweza, Baba. Umenifanya niwe mwongo wa nyumba hii, na naifanya kazi hiyo kila jioni kikombe kikishawekwa chini.

Nilikwenda na kwa daktari. Sijui nilikuwa natafuta nini, labda aniambie kwamba hata hivyo isingesaidia. Nikamuuliza, ingekuwa safari ya saa moja na dakika kumi? Safari hii hakuangalia dirishani. Akasema, "Kwa muda huo ningempeleka mwenyewe."

Umesema uliogopa. Na mimi niliogopa. Nilimwogesha naogopa, nikamlisha naogopa, na usiku ule nilikuwa nimemshika naogopa. Hujaniuliza hata siku moja nilifanyaje.

Kwa Baba usiandike chochote. Nakuomba kama mkubwa wako.

Sindano


6 Novemba

Rubani,

Umemwandikia. Nilikuomba, na ukamwandikia.

Imefika juzi. Baba aliipapasa bahasha akaijua kwa ile stempu ya ndege, akanyoosha miguu, akaniita nimsomee. Nikaifungua mbele yake. Mstari wa kwanza tu nikajua. Umeandika kurasa nne, Rubani. Kwa Mama uliandika ukurasa mmoja.

Nilimsomea. Nilishika karatasi zako mbele ya uso wangu, nikageuza kila ukurasa ulipofaa kugeuzwa, lakini hakuna neno lako hata moja lililotoka mdomoni mwangu. Nilimsomea kwamba hujambo. Kwamba wamekupandisha kidogo, sasa unasimamia wenzako watatu. Kwamba unamkumbuka Mama ukipita kwenye chumba cha baridi. Pale ulipoandika kwamba unakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kupiga magoti, nilisoma kwamba unatamani kuja kumwona. Hilo nililiacha, nilishindwa kulitoa. Baba alitabasamu mpaka nikatamani kutoka nje.

Unajua barua yako ingemfanya nini? Wewe ungelala usingizi. Yeye angeambiwa, katika umri huu, kwamba alilitoa lile gauni kwenye msumari bila sababu. Kwamba sauti ya mwisho aliyompandishia mke wake ilikuwa ya bure. Ulichoniletea mimi nimekibeba, nitaendelea kukibeba. Yeye hatabeba.

Sasa kuhusu kuja. Hii ni nyumba ya baba yako, sina uwezo wa kukufungia. Lakini ukija, utakuja kwa njia uliyotuelekeza. Utapanda hiyo ya kwenda uwanja wa katikati. Utapanga foleni, utakaa kwenye chuma mpaka alfajiri, utashuka huku miguu imevimba, na Baba atakushika hiyo miguu kwa mikono yake athibitishe. Ukifika kwa ile ndege ya mwendo wa saa moja, nitakuwa nimesimama mlangoni na hutapita.

Baba amesema ataijibu barua yako mwenyewe. Anafikiria maneno. Mimi nitaandika atakayoyasema.

Sindano


11 Novemba

Mwanangu,

Dada yako amenisomea barua yako, na sasa nasema mimi, yeye anaandika. Nimemwambia asinipambie.

Nimefurahi umepanda kazini. Nimewaambia na majirani. Hao watatu uwasimamie kwa adabu, usije ukawa mtu wa kufoka.

Umesema unatamani kunijia. Nimelifikiria hilo siku nyingi, hata chakula kilikuwa hakipiti vizuri. Mwanangu, usije. Usichukie, acha nieleze. Mama yako aliniomba nimpeleke kwako. Aliniomba mara mbili, na alikuwa anakufa. Nikamkatalia kwa sababu ya ile njia. Akageukia ukutani, na mpaka anaondoka hakuniuliza tena jambo lolote. Mimi siumwi, ni macho tu. Nikikuruhusu upite njia ile ile, ukalale kwenye vile vyuma kwa ajili yangu, itakuwa njia ilikuwa ndefu kwake na fupi kwangu. Sitaweza kwenda kusimama kwenye kaburi lake. Niliyomnyima yeye siwezi kujipa mimi.

Hata Dada yako aliporudi kutoka huko niliona alivyobadilika. Haongei kama zamani. Nikasema moyoni, ona, huyu ni mzima na imemfanya hivi. Nikajua nilifanya sawa.

Kwa hiyo kaa huko, fanya kazi yako. Mimi sina kinyongo na wewe hata kidogo. Ulituambia ukweli wakati watu wa ofisini wangetudanganya tununue tiketi, na nakushukuru kwa hilo.

Wanasema ndege zinabadilika kila mwaka. Siku ikipatikana njia fupi, wewe utaijua kabla yetu sote. Siku hiyo uniambie, nami nitakuambia njoo.

Baba yako

Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza neno.
Sindano